Akili Mnemba na Kiswahili cha Mrima: Namna Mashine Inavyojifunza Lugha na Nafasi ya Bagamoyo katika Data Zake

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mifumo ya akili mnemba inavyojifunza Kiswahili, na kuchunguza nafasi ya usemi wa Mrima, hususani Bagamoyo, katika data zinazotumika kuifundisha. Hoja kuu ni kwamba mashine haijui lugha nje ya matini iliyolishwa, na kwamba Bagamoyo, licha ya kutoa baadhi ya matini muhimu za nathari ya Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, imo kwa uchache na kwa sura iliyopotoka. Makala inalinganisha mfumo wa kanuni na mfumo wa takwimu, inabainisha maeneo matatu ambamo upungufu huo hudhihirika, na inajadili suala la umiliki wa maneno kwa kurejelea kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Inahitimisha kwamba tatizo la msingi ni la uhifadhi na ridhaa kabla ya kuwa la kompyuta.

1.0 Utangulizi

Mrima ni jina la kale la ukanda wa pwani ya bara unaotazamana na visiwa vya Unguja na Pemba. Bagamoyo ni mji wake uliovuma zaidi katika karne ya 19, kwa kuwa ndiko misafara ya bara ilikoishia na ndiko mizigo ilikopakiwa majahazini kuelekea Unguja. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo mwaka 1868, na utawala wa Kijerumani uliufanya mji huo makao yake makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Wapagazi, mabaharia, walimu wa Kurani, wafanyabiashara na wamisionari walikutana hapo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Karne moja baadaye, Kiswahili hicho kinasemwa pia na mashine. Programu za tafsiri, za kuandika kwa kusikiliza sauti na za kujibu maswali zinatumiwa katika simu za mkononi kuanzia Kaole hadi Saadani. Tanzania imezoea kuita uwezo huo "akili mnemba", ilhali nchini Kenya istilahi "akili unde" imeenea pia. Swali linaloongoza makala hii ni hili: mashine inapozungumza Kiswahili, inazungumza Kiswahili cha nani, na ilikipata wapi?

2.0 Dhana ya akili isiyo ya binadamu

Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza kwamba badala ya kuuliza kama mashine inafikiri, iulizwe kama mazungumzo yake kwa maandishi yanaweza kutofautishwa na ya binadamu. Pendekezo hilo lilikuwa na athari moja ambayo haisisitizwi vya kutosha: liliifanya lugha kuwa kipimo cha akili. Ikiwa kipimo ni lugha, basi mashine iliyolishwa Kiingereza kingi itaonekana kuwa na akili nyingi kwa Kiingereza, na mashine hiyohiyo itaonekana mzito wa kuelewa kwa Kiswahili. Tofauti hiyo hutokana na chakula ilichopewa.

Modeli za lugha za sasa, ambazo nyingi hutumia muundo wa mtandao wa neva uliochapishwa mwaka 2017, hufanya kazi ya kukisia. Hupewa mabilioni ya sentensi, hufichwa neno au kipande cha neno, na hutakiwa kulitaja. Kila zinapokosea, tarakimu za ndani hurekebishwa kidogo. Baada ya marudio mengi, tarakimu hizo hubeba taswira ya mfuatano wa maneno kama ulivyo katika matini. Modeli haina kamusi kichwani wala sarufi iliyoandikwa, ina uwezekano tu. Kisichokuwamo katika matini hupewa uwezekano mdogo, na kilichomo mara chache hushindwa na kilichomo mara nyingi.

3.0 Njia mbili za kuifundisha mashine Kiswahili

3.1 Njia ya kanuni

Kabla ya modeli hizo kuenea, Kiswahili kilikuwa tayari kimeingizwa katika kompyuta kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, SWATWOL, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya mfumo mpana uitwao SALAMA. Katika njia hii mwanaisimu huandika kanuni: viambishi gani vinatangulia, mzizi uko wapi, ngeli ipi inakubaliana na kiambishi kipi. Mashine hufuata.

Neno "hawakutupikia" linatosha kuonyesha faida yake. Kichanganuzi cha kanuni hulitenga kuwa ha-wa-ku-tu-pik-i-a: ukanushi, nafsi ya tatu wingi, wakati uliopita katika ukanushi, yambwa nafsi ya kwanza wingi, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Mofimu saba, kila moja na kazi yake. Mfumo huu ukikosea, kosa linaweza kutafutwa katika kanuni fulani na kusahihishwa. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji mtaalamu na miaka mingi ya kazi, na neno lisilo katika leksikoni yake humpa taabu.

3.2 Njia ya takwimu

Modeli za sasa hazigawi maneno kwa mofimu. Huyagawa kwa vipande viitwavyo tokeni, vinavyopatikana kwa kuhesabu ni mifuatano gani ya herufi inayojirudia zaidi katika matini yote ya mafunzo. Kwa kuwa matini hayo kwa sehemu kubwa ni ya lugha nyingine, mipaka ya vipande haizingatii sarufi ya Kiswahili. Kwa mfano, hakuna kinachozuia "hawakutupikia" kukatwa kuwa hawa-kut-upi-kia. Hapo "hawa" ni kionyeshi na "upi" ni kiulizi, na wala havihusiani na maana ya neno. Modeli italazimika kujifunza upya, kwa mifano mingi, jambo ambalo mtoto wa Dunda au Magomeni hulijua kabla ya kuanza shule.

Mkato huo una gharama ya fedha pia. Maudhui yaleyale huhitaji tokeni nyingi zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza, na huduma nyingi hutoza kwa hesabu ya tokeni. Mtumiaji wa Kiswahili, kwa hiyo, hulipa zaidi kwa jawabu ambalo mara nyingi ni dhaifu zaidi.

3.3 Uwiano wa data

Ukubwa wa pengo unaweza kupimwa. Modeli ya XLM-R, iliyotangazwa mwaka 2019 na watafiti wa Facebook kwa ajili ya lugha 100, ilifundishwa kwa takribani gigabaiti 1.6 za Kiswahili na gigabaiti 300 za Kiingereza. Kiingereza kilizidi kwa zaidi ya mara 180. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoandaliwa kwa uangalifu zaidi, ina takribani maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Hicho ni kiasi kikubwa kwa mtafiti wa isimu, lakini ni kidogo mno kwa modeli ya takwimu.

Sababu za uchache huo ni za kihistoria kwa kiasi fulani. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya uzoefu wenye hasara katika miradi ya awali ya serikali. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili ya miaka hiyo ilibaki katika karatasi na kanda za sauti. Juhudi za baadaye, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozaa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilikiweka Kiswahili katika kioo cha kompyuta, ila hazikuweza peke yake kurudisha matini ya miongo iliyotangulia.

4.0 Bagamoyo katika kumbukumbu ya maandishi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Mrima haipo katika data kwa sababu haikuandika. Mambo ni kinyume. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Simulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua ilitokea katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli wa mwaka 1901, na yeye ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Humo mna maelezo ya malezi, ndoa, ngoma, matibabu, biashara na sheria za watu wa Mrima, katika nathari iliyoandikwa na Waswahili wenyewe.

Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya msamiati wa lahaja na kuutoa katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Hatimaye, kati ya mwaka 1988 na 1992, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Helsinki zilishirikiana kurekodi lahaja na fasihi simulizi za pwani ya Tanzania.

Hazina ipo, basi. Kinachoizuia kufika katika mashine ni tukio jingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia vitabu vya shule kwa msingi huo. Magazeti, kumbukumbu za Bunge na tovuti zinazounda kongoo za leo ni matunda ya usanifishaji huo. Usanifishaji ulileta manufaa ambayo hayahitaji kutetewa hapa. Lakini kwa modeli inayokisia kwa wingi wa matukio, lahaja isiyochapishwa huonekana kama makosa ya uandishi.

5.0 Mahali upungufu unapodhihirika

5.1 Tahajia

Anwani ya kitabu cha mwaka 1903 inaandikwa "Wasuaheli", na ndani ya anwani hiyo mna "khabari" na "sheri'a". Msomaji wa leo hutambua mara moja Waswahili, habari na sheria. Modeli huona mifuatano mitatu ya herufi ambayo ni adimu, huikata vipande vidogo, na uhusiano wake na maneno ya kisasa hudhoofika. Kwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumika pwani kwa karne kadhaa, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mashine ya kusoma hati hizo inahitaji mifano iliyonakiliwa kwa mkono na wajuzi ambao idadi yao inapungua.

Inashawishi kusahihisha tahajia zote kabla ya kuzilisha. Hata hivyo, kufanya hivyo ni kufuta ushahidi. "Kh" ya "khabari" inaeleza jambo kuhusu matamshi na elimu ya mwandishi. Njia salama ni kuhifadhi tahajia mbili sambamba: ya asili na ya sasa.

5.2 Saa na bahari

Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Maneno "njoo kliniki saa tatu asubuhi" yana maana moja tu kwa mkazi wa Bagamoyo. Mfumo wa tafsiri uliozoea hesabu ya Kiingereza, ukitafsiri tarakimu bila kubadili hesabu, utampeleka mgeni au mhudumu kwenye saa tisa za usiku. Kosa la saa sita haliwi dogo pale linapohusu dozi ya dawa au chombo kinachosubiri maji kujaa.

Msamiati wa bahari unaonyesha tatizo hilo kwa upana zaidi. Wavuvi wa pwani hutofautisha bamvua, yaani maji makubwa ya wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu ya robo za mwezi. Hutaja kusi na kaskazi, matlai na umande, na hupanga kazi kwa majina hayo. Katika kongoo ya magazeti maneno haya ni machache. Modeli ikikutana na "maji mafu" inaweza kuyachukua maneno mawili yaliyozoeleka, maji na kufa, na kutoa maana ambayo hakuna mvuvi atakayeitambua. Ikumbukwe kwamba mfumo wa ushauri wa hali ya hewa au uvuvi unaotaka kutumika huko hautakuwa na faida ikiwa hauelewi majina ya upepo na maji.

5.3 Maelezo yanayoshindana

Asili ya jina Bagamoyo huelezwa kwa njia mbili. Moja hulihusisha na mtumwa anayeuacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Nyingine hulihusisha na mpagazi anayetua mzigo na kuburudika moyo baada ya safari ya miezi mingi. Maelezo ya kwanza yameenea katika maandishi ya utalii. Ya pili yanapata uzito kutokana na historia ya misafara, ambayo ilitegemea kwa kiasi kikubwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Modeli inayochagua kwa wingi ina mwelekeo wa kuyatoa yale yaliyoandikwa mara nyingi zaidi, tena kwa uhakika usiolingana na ushahidi. Hapo si lugha tu inayopotoka. Mwanafunzi wa Bagamoyo anaweza kufundishwa historia ya mji wake kwa sauti ya vipeperushi.

6.0 Suala la umiliki: kutoka Mtoro hadi leo

Kitabu cha mwaka 1903 kilijulikana kwa jina la mhariri wake, Carl Velten. Ni katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipoingizwa katika anwani yenyewe. Mtoro alikuwa amefariki Berlin tangu mwaka 1927. Katika uhai wake alijaribu kurejea pwani pamoja na mkewe Mjerumani mwaka 1905, na serikali ya kikoloni ikakataa mke huyo kushuka naye, hivyo wakarudi Ujerumani. Maneno yake yalipokewa ilhali yeye mwenyewe hakupokewa.

Historia hiyo inafaa kusomwa pamoja na taratibu za sasa. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kujitolea, na huziweka chini ya leseni ya CC0, ambayo humwachia kila mtu uhuru wa kuzitumia bila sharti la kumtaja mtoaji. Kuna sababu njema za uamuzi huo: faragha ya msemaji hulindwa, na watafiti wasio na fedha hupata data. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni kubwa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza wana haki sawa juu ya sauti hiyo, na jamii iliyoitoa haina dai lolote baadaye.

Aidha, katika muundo wake wa awali mradi huo humtaka mtoaji asome sentensi iliyokwisha kuandikwa. Mvuvi wa Bagamoyo akisoma sentensi sanifu, anachangia lafudhi yake, ila msamiati na miundo ya usemi wake hubaki nje. Mashine itajifunza kumsikia akisoma. Haitajifunza kumwelewa akizungumza.

Sheria zilizopo zinagusa sehemu tu ya suala hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za waandishi walio hai na waliofariki karibuni. Matini ya Mtoro yametoka katika ulinzi huo kwa kupita kwa wakati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Sheria hizo zilitungwa kwa kumfikiria mtu mmoja mmoja, na si usemi wa mji mzima. Kwa hiyo, kumtaja Mtoro kama chanzo leo hakutokani na shurti la sheria, bali ni wajibu wa kitaaluma ambao mtafiti anaweza kuutimiza au kuupuuza.

Wajibu huo una pande mbili zinazovutana. Mtoro alistahili kutajwa. Bibi anayesimulia habari za unyago mbele ya kinasa sauti huenda asitake kutajwa, na huenda baadhi ya anayoyasema hayapasi kusikiwa na kila mtu. Kanuni moja ya wazi kwa wote, au ya siri kwa wote, haiwezi kuwatendea haki wote wawili. Kinachoweza kutumika kwa wote ni ridhaa inayoulizwa kwa lugha inayoeleweka, ikieleza kwamba sauti itatumika kufundishia mashine, na ikimpa msemaji nafasi ya kuchagua kutajwa, kufichwa au kukataa.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba akili mnemba hujifunza lugha kwa kukisia kutokana na matini, na kwamba njia ya takwimu imechukua nafasi ya njia ya kanuni bila kurithi ujuzi wake wa mofolojia. Imeonyeshwa pia kwamba Mrima ina kumbukumbu ya maandishi na sauti inayotosha kuanzia, lakini tahajia, usanifishaji na hali ya uhifadhi vimeiweka mbali na mashine.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na hoja hizo. Kwanza, vichanganuzi vya kanuni vitumike kukata maneno ya Kiswahili kabla ya modeli kufundishwa, ili miongo ya kazi ya wanaisimu isipotee. Pili, kila matini au sauti ya pwani inayowekwa katika hali ya kielektroniki iambatane na taarifa za mahali, mwaka, lahaja, tahajia ya asili na masharti ya msemaji. Tatu, taasisi zilizopo Bagamoyo zenyewe, zikiwamo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni na kampasi ya mafunzo ya uvuvi ya Mbegani, zishirikishwe katika kuamua nini kikusanywe, kwa kuwa istilahi za ngoma na za bahari zinafundishwa hapo na watu wanaozitumia.

Hakuna kati ya mapendekezo hayo linalosubiri kompyuta yenye nguvu zaidi. Wazee wanaojua hati za Kiarabu na majina ya upepo wanaweza kuulizwa sasa. Modeli zitaendelea kuboreshwa kila mwaka, na data mpya inaweza kulishwa wakati wowote. Usemi ambao haukurekodiwa kabla ya msemaji wake kuondoka hauna njia ya kukisiwa.